Mtu, mtu mmoja, fulani: kumtaja asiyetajwa jina

Usoke iko magharibi ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Urambo, kando ya reli iendayo Kigoma. Nchi inayoizunguka ni ya miombo, na miombo ya Tabora inajulikana kwa asali. Mizinga hutundikwa mitini mbali na nyumba, na mwenye mzinga huweza kukaa siku nyingi asiuone. Akienda asubuhi moja akaukuta umeharibiwa na masega yametolewa, atarudi na habari ya kumpa jirani. Mhalifu hamtaji, lakini hata hivyo Kiswahili kinampa njia kadhaa za kuitoa habari hiyo:

Kuna mtu amevunja mzinga wangu.
Mtu mmoja amevunja mzinga wangu.
Mtu fulani amevunja mzinga wangu.
Wamenivunjia mzinga wangu.
Mzinga wangu umevunjwa.
Mzinga wangu umevunjika.

Sentensi tatu za kwanza, zikifasiriwa kwa Kiingereza, huishia mahali pamoja: "Someone has broken my hive." Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Tatizo lake ni kwamba msomaji wa Kiingereza hawezi tena kutambua ni ipi kati ya zile tatu iliyosemwa, na jirani wa Usoke aliyezisikia kwa masikio yake hawezi kuzichanganya.

Neno "someone" hufanya kazi moja kwa ustadi mkubwa: husema kwamba yupo mtu, kisha huyaweka kando maswali mengine yote. Msemaji huenda hamjui mtu huyo; huenda anamjua lakini jina lake si muhimu; huenda anamjua vizuri na anaficha. Neno halisemi. Mwingereza hutegemea sauti, uso na muktadha kumwonyesha msikilizaji hali ipi ndiyo iliyopo, na mara nyingi hupenda ibaki hivyo hivyo. Si kila lugha inayotoa nafasi hiyo. Kirusi, kwa mfano, kina umbo moja kwa mtu ambaye msemaji hamjui, "kto-to", na lingine kwa mtu ambaye msemaji anamjua ila hamtaji, "koe-kto". Mwanaisimu Martin Haspelmath, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu viwakilishi vya namna hii, alichunguza kwa kina lugha 40, Kiswahili kikiwamo, akachora ramani ya matumizi tisa ambayo kila lugha huyagawa kwa njia yake. Mpaka wa kwanza katika ramani hiyo ndio huu: anajua au hajui. Maneno ya Kiingereza yanayoanza na "some" huuvuka mpaka huo bila kuugusa. Kiswahili hakina maumbo mawili yaliyotengwa kabisa kama ya Kirusi, lakini kina mazoea ya usemi ambayo huutazama mpaka huo kila wakati.

Sentensi ya kwanza ndiyo ya mtu asiyejua. "Kuna mtu" hutangaza kwamba yupo binadamu aliyefanya, basi. Kiambishi ku- cha mahali pasipo dhahiri kinasaidia: hakionyeshi pahali maalumu, na mtu anayefuata huingia katika habari bila utambulisho. Umbo la mazungumzo ni "kuna mtu amevunja". Umbo lenye kirejeshi, "kuna mtu aliyevunja", hutia mkazo zaidi juu ya kuwapo kwa mtu huyo kuliko juu ya tukio, na hufaa pale ambapo kuwapo kwake kumetiliwa shaka. Wanafunzi wa Kiswahili waliozoea Kiingereza huliacha "kuna", wakaanza na "mtu" peke yake: "Mtu amevunja mzinga wangu." Sentensi hiyo ni sahihi, ila inajibu swali lingine. Katika msitu wa Tabora mzinga una maadui wawili, binadamu na nyegere, na asemaye "Mtu amevunja mzinga wangu" husikika akisema kwamba aliyefanya ni mtu, si nyegere. Neno "mtu" likitangulia peke yake mwanzoni mwa habari hurudi kwenye maana yake ya asili, ile ile iliyomo katika "munhu" la Kinyamwezi: kiumbe wa jinsi ya binadamu.

"Mtu mmoja" ni jambo jingine kabisa, na hapa kamusi nyingi hazimsaidii mfasiri. Kila msikilizaji wa hadithi anajua kwamba "palikuwa na mtu mmoja" ni ahadi. Mtu huyo atarudi katika sentensi ifuatayo, na ifuatayo baada yake. Ana safari ya kwenda, au mke, au deni. "Mmoja" hapa haihesabu. Humweka mtu huyo mbele ya msikilizaji kama mtu mahususi ambaye habari zake zinaendelea. Mwenye mzinga akisema "Mtu mmoja amevunja mzinga wangu", jirani atanyamaza asubiri, kwa sababu msemaji ameonyesha kwamba ana la kuongeza: alimwona, au aliambiwa, au ana wa kumshuku. Asipoongeza kitu, jirani ana haki ya kuona kwamba amenyimwa mwisho wa habari.

Kisha "fulani". Neno hili ni la Kiarabu, na limesafiri kuliko maneno mengi ya aina yake: lipo katika Kiajemi, Kituruki na Kiurdu, na Wahispania na Wareno walilichukua wakawa na "fulano". Kiswahili cha pwani kililipata mapema, na katika karne ya 19 lilikuwa sehemu ya lugha iliyopanda bara kwa misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, mahali njia zilipogawanyika, moja ikiendelea magharibi kuelekea Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga njia hiyo kwenda na kurudi. Katika barabara ya namna ile habari za mtu hufika kabla ya mwenyewe, na aliyezileta huwa na sababu zake za kutamka jina au kulimeza.

Kazi ya msingi ya "fulani" ni kushika nafasi ya jina. Ndiyo maana hukubali kila kitu ambacho jina hukubali: "fulani bin fulani" katika kielelezo cha hati au cha dua, "akina fulani", "mama fulani", "Bwana fulani". Anayeandika hati kwa kielelezo hicho anajua kwamba atakapoitumia atalifuta "fulani" aweke jina. Likifuata nomino huweza kuwekwa baada ya chochote, "siku fulani", "mahali fulani", "kitabu fulani", na katika mazungumzo ya leo hupenda kuandamana na "hivi" ili kupunguza uzito wa sifa: "ladha fulani hivi". Lakini hata huko mbali, harufu ya jina lililofichwa haikuisha. "Siku fulani" ni siku ambayo ingeweza kutajwa tarehe yake.

Hapo ndipo "mtu fulani" inapoleta utata. Magazetini na katika tafsiri limekuwa jibu la kawaida la "someone", na matumizi hayo yameenea kiasi kwamba kuyaita kosa ni kupigana na mto. Hata hivyo mtu akibishiwa hodi na mtoto akaenda kuchungulia, kisha akarudi na kusema "Kuna mtu fulani mlangoni", mama yake atashtuka kidogo. Mtoto amemtambua? Mbona hasemi? "Kuna mtu mlangoni" isingemshtua. Kwa hiyo sentensi ya tatu ya mwenye mzinga, tofauti na ile ya kwanza, inaacha mlango wazi kwa dhana kwamba msemaji ana jina moyoni.

Tofauti hizi zingekuwa za kufurahisha darasani tu kama maneno ya watu wa kawaida yasingeandikwa katika lugha nyingine na kuamua mambo yao. Nchini Tanzania yaliandikwa hivyo kwa miongo mingi. Katika Mahakama ya Mwanzo lugha ni Kiswahili; juu yake, katika mahakama za wilaya na kuendelea, shahidi alitoa ushahidi kwa Kiswahili na hakimu akauandika kwa Kiingereza, kisha rufaa ikaamuliwa kwa kusoma maandishi hayo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, lakini kumbukumbu za miaka iliyotangulia zimebaki zilivyoandikwa.

Achukuliwe sasa yule jirani, aliyeitwa kueleza alichosikia asubuhi ya tukio. Anasema: "Alikuja kwangu asubuhi ile ile, akaniambia fulani amevunja mzinga wake." Msemaji wa Kiswahili anaelewa bila kufikiri kwamba mwenye mzinga hakutamka neno "fulani". Alitamka jina. Jirani ndiye aliyeliondoa akaweka "fulani" mahali pake, ama kwa sababu mwenye jina yuko mbele yake, ama kwa heshima, ama kwa sababu hajaulizwa bado. Anayeandika kwa haraka akaweka "he told me someone had broken his hive" amegeuza ushahidi kinyume: kutoka katika mwenye mali aliyemtaja mtu asubuhi ile ile, hadi mwenye mali ambaye hakujua ni nani.

Na jambo hilo si dogo mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia katika hukumu nyingi kwamba shahidi kuweza kumtaja mshukiwa kwa jina katika nafasi ya kwanza aliyopata ni kigezo muhimu cha kuaminika kwake, na kuchelewa kumtaja bila sababu humtia shaka. "Fulani" ya jirani ndiyo iliyobeba kigezo hicho. Kiingereza kina neno linalofanana nalo, "so-and-so", ambalo nalo hushika nafasi ya jina lililotamkwa. Kosa basi si la Kiingereza kukosa chombo, ni la mwandishi kushika kile kilicho karibu. Njia bora kwa hakimu au mfasiri ni rahisi zaidi: kumwuliza shahidi ni jina gani lililotajwa.

Sentensi ya nne katika orodha ina hatari yake. "Wamenivunjia mzinga wangu", "wameniibia", "wamenikatia shamba": Kiswahili hutumia wa- ya wengi kwa mtendaji asiyejulikana, na kauli ya kutendea huonyesha nani aliyeumizwa. Hakuna asikiaye "wameniibia" akadhani kwamba wezi wamehesabiwa. Huenda alikuwa mmoja. Lakini "they have robbed me" katika maandishi ya Kiingereza hugeuka kwa urahisi kuwa kundi, na swali la wakili, "Walikuwa wangapi?", humkuta shahidi hana jibu kwa jambo ambalo hakulisema.

Sentensi mbili za mwisho humwondoa mtu huyo kabisa. "Umevunjwa" bado inasema kwamba yuko mtendaji, ila haimpi hata kivuli cha nomino. "Umevunjika" haisemi hata hilo: tawi lingeweza kukatika. Mwenye mzinga anayechagua "umevunjika" mbele ya jirani ambaye anamshuku huenda anafanya kwa makusudi. Ameeleza hasara yake bila kumkaribia mtu yeyote. Haya ndiyo mazingira ambamo Mwingereza angetumia "someone" kwa sauti ya upole. Kiswahili huuweka upole huo katika kitenzi, na mfasiri anayetafuta kiwakilishi hataupata.

Kitenzi kina siri nyingine, ambayo vitabu vingi vya sarufi huigusa kwa kupita. "Natafuta mtu wa kunisaidia kurina asali" na "Namtafuta mtu wa kunisaidia kurina asali" hutofautiana kwa kiambishi kimoja cha mtendwa. Katika ya kwanza yeyote mwenye uwezo anafaa. Katika ya pili msemaji anamfahamu amtakaye na anauliza yuko wapi. Kwa Kiingereza zote mbili huweza kuwa "I am looking for someone to help me", na msikilizaji hulazimika kukisia. Mwalimu anayefundisha kwamba kiambishi cha mtendwa ni cha lazima kila palipo na binadamu huwanyima wanafunzi wake tofauti hii. Katika ukanushi nako: "Sikuona mtu" ndiyo kawaida ya kusema kwamba njia ilikuwa tupu.

Ukanushi hauhitaji neno la pekee kama "nobody". "Hakuja mtu" inatosha. "Hakuja mtu yeyote" huongeza mkazo. Familia ya -o -ote ni ya ukanushi, swali, sharti na hiari, yaani mahali ambapo hakuna mtu mahususi aliyekusudiwa: "Mtu yeyote akija, mwambie asubiri." Kwa tukio lililokwisha kutendeka haifai, na "mtu yeyote amevunja mzinga wangu" haisimami. Inafaa pia kukumbusha kwamba vitabu vya zamani viliandika "ye yote", "cho chote", "po pote" kwa kutenganisha, na tahajia ya sasa huyaunganisha. Kuhusu "mtu yoyote", ambayo husikika kila siku, hata redioni: ngeli ya mtu hutaka "yeyote", na watu hutaka "wowote". "Yoyote" ni ya nyumba, ya mambo, na ya maji.

Mara nyingine hata nomino haihitajiki. Methali husema "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na mtu asiyetajwa amekwisha kuingia ndani ya kirejeshi. Mfasiri wa Kiingereza atahitaji "whoever" au "one who", na anayerudi kutoka Kiingereza hana haja ya kuandika "mtu yeyote ambaye hasikii". Ufupi huo ni wa Kiswahili na usitupwe.

Yapo pia maneno ya ulimi uliosahau. "Nanihii", au "nanii" kwa ufupi, huja wakati msemaji anajua kabisa anayemkusudia lakini jina limemtoroka, na kwa kitu lipo "dude". "Sijui nani" hufanya kazi tofauti: "Amekuja sijui nani hapa akauliza bei ya asali" humwonyesha mgeni ambaye msemaji hakujishughulisha kumtambua, na pengine anamdharau kidogo. Na pale Mwingereza anapomalizia sentensi kwa "or something" ili asibanwe na alichosema, Kiswahili husema "kama mwalimu hivi", "saa nne hivi". Kuandika "mwalimu au kitu kama hicho" ni kumwita mwalimu kitu.

Katika jambo moja Kiswahili kina raha ambayo Kiingereza hakina. "Kuna mtu ameacha kisu chake chini ya mti" haimlazimishi msemaji kujua kama mtu huyo ni mwanamume au mwanamke, wala hapakuwapo mjadala wowote wa kufika hapo. Kiingereza huziba pengo hilo kwa "they" ya mtu mmoja, na baadhi ya waandishi wake wamelibishania kwa vizazi. Mfasiri wa kutoka Kiswahili aitumie bila hofu kuliko kuandika "his" na kumfanya mshukiwa wa Usoke kuwa mwanamume kabla ya ushahidi.

Kazi ngumu zaidi ni ya kurudi. Wanaosoma leo kumbukumbu za zamani za Kiingereza, wakazieleza kwa Kiswahili kwa wateja, kwa familia au kwa wanafunzi, hukutana na "someone" ambayo asili yake haijulikani tena. Shahidi alisema "mtu", "mtu mmoja" au "fulani", na ukurasa hauonyeshi. Katika hali hiyo "kuna mtu" ndiyo tafsiri inayodai machache kuliko zote, kwa kuwa haiahidi kwamba habari itaendelea wala haidokezi kwamba jina lilijulikana. "Mtu mmoja" itumike tu ikiwa sentensi zifuatazo katika kumbukumbu zinamrudia mtu huyo huyo. "Fulani" itumike ikiwa maneno yaliyo karibu yanaonyesha kwamba jina lilitamkwa. Na "mtu fulani", ambayo hujileta mkononi kwanza, ndiyo ichaguliwe mwisho: mkulima ambaye hakujua aliyevunja mzinga wake atasomeka kana kwamba alijua akanyamaza.